Saa ya Mafiga: tulivyomhesabia mtoto wetu mpaka akavua jezi

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Mimi ni wa kusoma na kupita, siyo wa kuandika. Ila hili limenikaa kooni, na watu ambao ningewaambia ndio hao hao waliolifanya. Kwa hiyo naleta kwenu. Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na chuo sikitaji. Wa Moro mtakijua, kaeni kimya.

Nimezaliwa mtaa wa Mafiga, Moro mjini. Nilimaliza form four nikaondoka, na tangu hapo miguu haijatulia. Tunduma, Kahama, Mtwara, nimefanya kazi za kila aina. Nikikaa mji mmoja mwaka mzima naanza kuumwa bila ugonjwa.

Lakini kila nikirudi Moro kuna sehemu moja naenda kabla hata sijafungua begi. Uwanja wa kikapu wa chuo.

Sikusoma pale. Sisi watoto wa Mafiga tulikuwa tunaruka ukuta kwenda kuangalia, baadaye wakachoka kutufukuza, mwisho tukawa ndio mashabiki wenyewe. Wanachuo wanakuja, wanahitimu, wanaondoka. Jukwaa lile la zege ni letu. Nimelala gesti nyingi nchi hii nikiliwaza.

Sasa niwaeleze kitu kinaitwa Saa ya Mafiga, maana bila hicho uzi huu hamtauelewa.

Zamani pale uwanjani hapakuwa na saa ya kuonekana. Mtunza muda anakaa mezani na stopwatch yake, anajua yeye na refa basi. Timu ngeni ikiwa na mpira mwisho wa gemu, jukwaa letu linaanza kuhesabu kwa kushuka, kwa sauti moja na ngoma: kumi, tisa, nane...

Uongo mtupu. Muda bado upo wa kutosha.

Lakini mgeni anaingiwa na kiwewe, anautupa mpira kutoka popote alipo, anakosa, sisi tunauokota. Jukwaa linakufa kwa kicheko. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa sababu ya Saa ya Mafiga.

Baadaye chuo kikafunga ubao wa umeme wenye saa kubwa nyekundu. Mchezo ukafa. Mgeni anainua macho tu, anaona ukweli. Wanachuo wa sasa hata jina hilo hawalijui.

Turudi kwenye mada.

Mwaka huu nimerudi nikakuta mpwa wangu Veno yuko mwaka wa kwanza pale chuoni, na anachezea timu. Mama yake ni dada yangu Felista, mtoto wa mama yangu mkubwa, analima karoti na stroberi huko juu mlimani, ukishapita Bigwa unapandisha.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba siyo mtu wa kuja na soda siku ya kipaimara. Mtoto akiharibikiwa, mjomba ndiye anayeulizwa. Mimi miaka yote nilikuwa sipo wa kuulizwa. Kwa hiyo kumwona Veno amevaa jezi ile, kwenye uwanja ule, nilijisikia kama nimerudishiwa mji wangu.

Kikapu alijifunzia shule ya misheni huko huko mlimani, uwanja wa udongo uliochongwa ubavuni mwa kilima. Mpira ukitoka nje unateremka mpaka bondeni.

Aliniambia siku moja anacheka, "Mjomba, ndiyo maana sipendi kupoteza mpira. Kule ukiupoteza unaufuata mwenyewe."

Ikaja mechi na chuo kimoja cha Dodoma. Anayeshinda anaingia fainali. Dada Felista hakuwahi kumwona mwanawe akicheza, nikamshawishi ateremke.

Alikuja amevaa kitenge cha kanisani, mkononi ndoo ya stroberi. Yeye hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikamkalisha jukwaani katikati yetu, nikamtambulisha kwa Side Ngoma.

Side ni rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza. Ndiye mpiga ngoma wa jukwaa, na akisema kitu jukwaa linasema.

"Huyu ndiye mama wa Veno," nikamwambia.

"Mama wa timu!" Side akapiga ngoma mara moja, puu, watu wakashangilia. Ndoo ikazunguka. Side akachota konzi nzima. "Dada, siku nyingine usilete kidogo hivi, nitaona umenibagua."

Dada alicheka mpaka akaficha uso. Nakumbuka sana kicheko kile, wakuu.

Gemu ilikuwa ngumu. Veno alicheza vizuri, anakaba kama ana ugomvi na mtu.

Kipindi cha pili umeme ukakatika. Ubao ukazimika, saa nyekundu ikapotea. Refa akasema mchezo uendelee, muda utatunzwa mezani kwa stopwatch.

Sisi wa zamani tukatazamana. Sina namna ya kuwaeleza furaha ile. Side aliinua mikono juu kama mtu aliyejibiwa sala. "Wanangu," akasema, "leo tumerudi nyumbani."

Mwisho wa gemu matokeo sare. Mpira wanao Dodoma. Wanaupasiana taratibu, wanatafuta nafasi.

Ngoma ikaanza. KUMI! TISA!

Nikamgeukia dada ili nimweleze mchezo, maana niliona ameshika kifua. Sikufika hata nusu ya sentensi.

Veno akaupora mpira.

Aliupora katikati ya uwanja, safi, bila faulo. Mbele yake hakuna mtu. Hakuna hata mmoja! Ilikuwa kukimbia tu na kwenda kuuweka kwenye ringi kama unaweka chungu jikoni.

Lakini jukwaa lenye ngoma halisimami ghafla kama pikipiki. Lilishaanza kuhesabu kuwatisha Dodoma, na mpira ulipobadili mikono lenyewe likaendelea tu. Wengine kwa mazoea, wengine kwa furaha, wengine nadhani hata hawakuona.

TATU! MBILI!

Na Veno, mtoto wa mlimani ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari ya Saa ya Mafiga, aliinua macho kutafuta saa. Ubao mweusi. Akasikia sauti za watu wake mwenyewe zikimwambia muda umekwisha.

Akautupa kutoka pale pale.

Mpira ukagonga kibao cha nyuma ya ringi, ukagonga ringi, ukatoka. Mrefu mmoja wa Dodoma akaudaka, akarusha mbele, mwenzake akaenda akaweka. Bado filimbi haijalia. Ililia baadaye, kwa raha zake.

Tulifungwa kwa goli lile. Mtunza muda mwenyewe alisema muda ulikuwa unatosha Veno kwenda, kufunga na kurudi kukaba.

Kilichofuata ndicho kilichonileta humu.

Halafu jukwaa likaanza.

"Nani kampa jezi huyu?"

"Katupa kama anafukuza ngedere shambani!"

"Rudi mlimani ukapalilie karoti!"

Hiyo ya mwisho ilikuwa sauti ya Side. Vidole vyake bado vyekundu kwa stroberi. Dada yangu amekaa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Side hakugeuka, na sidhani kama alikumbuka kwamba kuna mtu nyuma.

Dada aliokota ndoo yake tupu, akanifuta vumbi begani, sijui kwa nini, akasema twende.

Tulipofika Bigwa, pale anapoanzia kupandisha, akasimama.

"Mdogo wangu, wale watu walikuwa wanahesabu nini?"

Nikamweleza. Nilianza kama ninavyowaeleza ninyi, na ule utamu wake wa zamani, wageni walivyokuwa wanachanganyikiwa. Nilipofika katikati nikajisikia vibaya, nikamalizia haraka haraka.

Akahamishia ndoo mkono mwingine. "Sasa Veno alikuwa mgeni?"

Akapandisha mlima wake.

Wiki ile group la mashabiki la WhatsApp lilichafuka. Mpwa wangu akapewa jina: Saa Mbovu. Wakatengeneza stika, uso wake ndani ya saa ya ukutani. Voice notes za watu wazima wenye familia wakichambua mkono wake, moyo wake, kabila lake. Sauti zote za jukwaani nazijua, na sikusikia hata moja ikisema neno kuhesabu.

Nikamfuata Side dukani kwake anapouza spea za pikipiki.

"Side, ni nyie mliohesabu."

"Tumeanza kuhesabu leo?" Akacheka. "Wewe mwenyewe umekua unahesabu. Asiyeijua Saa ya Mafiga asivae jezi ile."

"Nani alimwambia?"

"Aambiwe? Wewe uliambiwa na nani? Hivi vitu mtu anavijua tu."

"Anavijua aliyezaliwa Mafiga."

"Basi hapo umejijibu," akasema, akamgeukia mteja.

Wakuu, nimefukuzwa kazi, nimefukuzwa nyumba za kupanga. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia na jibu lile. Maana ni kweli, hivyo ndivyo tulivyo. Timu ni ya chuo, wachezaji wanatoka nchi nzima, halafu siri ya uwanja wanaijua watu walioruka ukuta utotoni.

Nikamtafuta Veno. Aliniamkia vizuri kama kawaida yake, nikaanza kumweleza ile hesabu ilikuwa nini. Akanikatisha kwa upole.

"Najua, mjomba. Mtunza muda aliniambia siku ile ile."

"Kwa nini hujawaambia watu?"

"Niwaambie nini? Si wao ndio walikuwepo?"



Mechi iliyofuata ilikuwa ya kutafuta mshindi wa tatu. Uwanja ule ule. Umeme upo, ubao unawaka, saa nyekundu ile pale. Dada hakuteremka. Nilienda mwenyewe, nikasimama upande wa pili na watu nisiowajua.

Kocha akamwingiza Veno. Akagusa mpira mara ya kwanza.

TATU! MBILI! MOJA!

Kicheko. Jukwaa zima. Gemu ndiyo kwanza imeanza, hapakuwa na wa kudanganywa. Walikuwa wanamhesabia yeye.

Akapiga pasi. Akaupata tena, wakahesabu tena. Akafunga, na hata alipofunga walihesabu, ngoma juu. Kocha aliwaonyesha mikono wanyamaze, nao wakamhesabia kocha.

Kisha kulikuwa na mpira wa kurusha kutoka pembeni. Veno akaupokea, akasimama nao. Nilidhani anatafuta wa kumpasia. Akatembea mpaka kwa refa akamkabidhi mkononi, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi, akatoka na fulana yake ya ndani.

Wakamzomea mpaka getini.

Masomo anaendelea, namshukuru Mungu. Kikapu hakigusi. Nimemsihi, nimemnunulia hata raba. Anasema asante mjomba, anaziweka chini ya kitanda.

Mimi nikajitoa kwenye group, na miguu ikaanza kuwasha. Sasa hivi niko Dumila, napakia vitunguu na nyanya za watu. Moro siyo mbali, ila sijaenda. Kila nilipokuwa mbali nilikuwa nikilikumbuka jukwaa lile na moyo unapoa. Sasa nikilikumbuka nasikia kuhesabu. Nimenyang'anywa hata kitu cha kukikumbuka.

Juzi Side kanipigia. Msimu mpya umeanza na timu inapigwa na kila anayekuja. Hakuna anayeweza kukaba.

"Kaka, mwambie mpwa wako arudi. Jukwaa tumekaa kikao. Tumemsamehe."

Nilimwomba arudie, akarudia vile vile, kwa moyo mweupe kabisa. Tumemsamehe.

Kwa kuwa mjomba ndiye anayeulizwa, nikaona nami nimuulize aliye juu yangu. Nikampigia dada, alikuwa shambani, nasikia upepo. Nikampa ujumbe kama ulivyo.

Akacheka kidogo. Siyo kile kicheko cha siku ya stroberi.

"Wamemsamehe," akasema. "Basi waambie waanze kuhesabu. Wakifika mwisho watamwona." Nanyi mnajua saa ile haijawahi kusema kweli.

Nimejifunza nini wakuu? Kwamba ushabiki unapenda mtu mpaka pale unapohitaji wa kumbebesha. Na utani wa mtaani, kama hujamfundisha mwenzako, huo siyo utani, ni mtego. Mkimpokea mgeni nyumbani mkampa jezi, mwambieni na uongo wenu wote wa humo ndani. Vinginevyo mmemwita aje aumie.

Waliowahi kucheza au kushabikia timu za vyuo, tiririkeni. Jukwaa lenu lishawahi kuifungisha timu yenu? Na je, kuna aliyewahi kusimama akasema ni sisi? Kama yupo naomba anieleze alianzaje, maana mimi sijamwona.

Na Side, najua unasoma humu. Ujumbe wa dada ndio huo hapo juu.