Binti wa Gengi na Maana ya Neno

Mwezi uliopita mwanangu alipewa kazi ya shule, atafute asili ya maneno ya Kiingereza. Nikafungua kamusi nene nimsaidie, na neno moja likanisimamisha. Ni "gang", ambalo sisi tuliligeuza gengi, kundi la vibarua wa reli, zamani kabisa Waingereza walilitumia kwa maana ya kwenda. Ndugu msomaji, wivu wangu wa utotoni ukaamka pale pale.

Tulikaa bondeni, chini ya Kilimatinde, ambako kiangazi maji tuliyakwangua mchangani kwa kibuyu. Wenzetu wa gengi, nyumba sita za mawe kando ya reli, waliletewa maji na treni. Mwenzangu wa dawati alikuwa binti wa huko. Soksi zake nyeupe! Mimi magoti yamepauka, na hata mlenda wetu ulikuwa na chembe za mchanga. Alfajiri baba yake alipita akikagua reli, nyundo begani, ngo, ngo, nami natamani angekuwa wangu. Behewa la maji likifika, binti alinishika mkono kwenye foleni ya gengi, akawaambia wakubwa, "Shikamooni. Huyu ni mdogo wetu." Nilijaza ndoo yangu, nikamchukia njia nzima. Mama alipoona nimenuna alisema, "Wivu haujazi ndoo, mwanangu."

Siku moja mwalimu akauliza gengi maana yake nini. Binti akasimama. "Ni kwenda, mwalimu. Baba aliambiwa na mnyapara wake."

Nilikuwa naisubiri siku hiyo. "Mwongo! Baba yako mponda kokoto, Kiingereza akijulie wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamwambia aketi. Nilitembea kifua mbele mchana kutwa.

Behewa lilipokuja tena, aliniita vilevile. Nikajifanya kiziwi, nikabeba kibuyu kwenda mchangani, na huko nikabaki kuchota mpaka mvua za kwanza. Baadaye gengi likavunjwa, wakahamishwa, nisijue wapi.

Leo nyumba zile hazina mabati, mbuzi ndio wanaolala humo. Ningempata ningemwambia alisema kweli, kisha, sikufichi, ningemwonea wivu upya. Alikuwa na baba wa kumwamini hata mbele ya kicheko cha mwalimu, na moyo wa kuniita mdogo wake baada ya hapo. Moyo huo sikuwa nao, na hadi leo nautamani. Maana siku ile alipoita, nilimsikia vizuri kabisa.