Vichwa vya Mawe vya Kwenda Amerika

Mwaka mzima niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Wazungu wa Amerika wameacha makanisa yao na sasa wanaabudu vichwa vya mawe, na kwamba vichwa hivyo navichonga mimi, karibu na Nyamarambe. Habari hiyo niliipata kwenye masomo ya gumbaru, ya watu wazima, ya jioni, kwa hiyo niliihesabu kuwa elimu.

Mfanyabiashara mmoja wa Kisii mjini alikuwa ameniletea picha iliyokatwa gazetini: sanamu ya visiwa vya Pasifiki, macho kama sahani, mdomo wa kumeza ndama. Alitaka jiwe letu laini lichongwe vivyo hivyo, kila kichwa na shimo utosini. Shimo la sadaka, nikajiambia. Nilichonga mpaka kilima kikapungua urefu. Jumapili nilitembea kifua mbele: padre alikuwa na Mungu mmoja, mimi nilikuwa natoa kumi kwa wiki.

Mchumba wangu ndiye aliyevisugua kwa msasa na maji, kwani kwetu kulainisha jiwe ni kazi ya wanawake. Siku moja babake, katekista, alimkuta amekipakata kimoja juu ya beseni. Akamwambia akiweke chini.

"Tata, ni kazi tu," nikamwambia baba mkwe.

"Hata ndama wa dhahabu alikuwa kazi ya mtu."

"Hivi ni vya mawe, Tata."

Hakucheka. "Kesho tutaenda mjini, wewe na mimi, tumuulize huyo tajiri wako. Kama vinaabudiwa, binti yangu humpati. Kama haviabudiwi, Alhamisi lete ng'ombe wa mahari."

Kesho yake tukaenda mjini, katekista amebeba kichwa kimoja. Jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa baya. Dukani, katekista alikiweka kichwa kando ya mizani.

"Bwana, huyu anaabudiwa na nani?"

Mfanyabiashara akakigeuza, akachungulia shimoni, kisha akanitazama mimi. Nikatazama mabati.

"Haabudiwi na mtu, mzee. Hiki ni kikombe. Siku hizi kuna mahoteli ng'ambo yanapambwa yafanane na visiwa vile, na sura hizi wameziiga huko. Wateja wananywea pombe humu. Mimi pombe siigusi, nauza vikombe tu. Wakimaliza kunywa, vinaoshwa."

Katekista akakisukuma kichwa kwa mwenye duka, akanigeukia: "Alhamisi, basi."