Kishada cha Gazeti

Nilinunua ufagio wa njukuti za mnazi kwenye duka la Waafrika pale Silver Spring, huku Marekani, nikaufumua wote nipate vijiti vitatu vilivyonyooka. Mke wangu akasema nina wazimu. Nikakata gazeti, nikapika gundi ya unga wa ngano, nikaunda kishada kama tulivyokuwa tukiunda Unguja, mkia wa kanga kuukuu.

Jumapili nikapanda treni na wanangu wawili mpaka mjini, kwenye uwanja ambao watu hurusha vishada miti inapochanua. Vya wenzetu vyote ni vya dukani, vya nailoni. Changu kilipanda papo hapo, kikavuta uzi mpaka vidole vikaniuma.

"Njooni mshike, wanangu!"

Mkubwa akanijibu kwa Kiingereza kwamba watu wanatuangalia. Nikaendelea kuvuta uzi, maana ningefungua mdomo ningetukana.

Nilipokishusha, mama mmoja wa Kimarekani akakisifu, akaomba atupige picha sote watatu. Nikanyoosha mkono niwakumbatie wanangu. Wakasogea pembeni, wasionekane.

Jioni yule mama alinitumia picha kwenye namba niliyompa. Nimesimama kwenye majani, mtu mzima mwenye mvi. Mkono mmoja umeshika gazeti. Wa pili umenyooshwa, na hauna mtu.