Fimbo niliyomtengenezea Baba imepigwa mnada kanisani

Leo nimekaa kanisani nikiangalia kazi ya mikono yangu ikinadiwa kati ya mkungu wa ndizi na jogoo.

Mnajua natengeneza fimbo za kuvulia samaki. Hii ilikuwa ya Baba, mtu wa bwawa la Kalimawe tangu sijazaliwa.

Bega linamsumbua, kwa hiyo nilihangaika sana kuchagua mti wake, yaani ule mwili wa fimbo. Miti mirefu yote ilikuwa mizito. Myepesi yote ilikuwa mifupi. Nilipoupata huu wa kaboni, mrefu halafu mkononi huusikii, nilicheka peke yangu dukani.

Basi mzee wa kanisa akaiinua fimbo juu: "Jamani, ufito huu unaangua maparachichi bila ngazi!"

Watu wakacheka. Jirani yetu Mama Neema akainunua. Baba akapiga makofi.

Makofi, jamani!

Nje nikamfuata. "Baba, umekosa kitu kingine cha kutoa sadaka?"

Hakukasirika. Alininyooshea vidole, vinatetemeka.

"Fimbo ni nyepesi kweli, mwanangu. Ila ndoano siwezi kuifunga tena. Bwawani sijaenda tangu mwaka jana."

"Mbona hukuniambia? Si ningekufungia?"

"Ukiwa Dar?"

Akageuka, akaenda kusalimiana na wazee wenzake.

Sasa hivi niko stendi ya Same, basi limechelewa. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Hebu niambieni, nyie mngemjibu nini?