Chumba cha Mawe cha Mtopanga

Niseme mapema kabla sijasemewa: chumba kile nilikitaka mimi. Watu wetu wakisimulia husema tulidhulumiwa, na ni kweli tulidhulumiwa, lakini aliyemwita fundi ni mimi.

Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama. Aliijenga Mtopanga kabla mama hajazaliwa, wakati ambapo pale palikuwa na mihogo na minazi. Ilikuwa ya boriti na fito, imekandikwa udongo, na mabati juu. Nasema ilikuwa yake, na kweli ilikuwa yake, ila ardhi haikuwa yake. Asiyekulia kwetu hushangaa nikimweleza. Huku bara ya Mombasa wako wengi wenye nyumba bila ardhi. Nyumba unaijenga, unaiuza ukitaka, unawarithisha wanao. Ardhi iliyo chini yake ni ya mwenye shamba, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi. Sharti ni moja. Jenga kwa udongo, usijenge kwa mawe. Nyumba ya udongo siku ukiambiwa utoke unaikongoa unaenda nayo. Ya mawe haiendi popote, na mwenye shamba hataki kitu kisichoenda.

Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika, bibi alichota udongo, akaukanyaga kwa miguu, akakandika kuta upya. Mimi tangu utoto nilimwona tu kama kikongwe anayependa kujichafua.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Baba yake alishakwenda zake, sina la kumsema. Mvua zilinyesha wiki nzima, na asubuhi moja nikiwa nafua nje nikasikia kishindo. Ukuta wa chumbani mwetu ulikuwa umeporomokea ndani. Bonge la udongo lilikuwa limekaa kwenye kitanda, shubiri moja kutoka kichwa cha mwanangu. Yeye hata hakulia. Alikuwa ananitazama tu, vumbi kwenye kope.

Siku hiyohiyo nikamwambia bibi, "Najenga chumba cha mawe."

"Hujengi."

"Kwa nini?"

"Tuliambiwa tusijenge kwa mawe."

"Na nani?"

"Na mwenye shamba."

"Bibi, mwenye shamba alikufa mimi niko darasa la tatu."

"Amekufa yeye. Shamba nalo limekufa?"

Nilicheka. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha, na yeye hutia dole gumba. Nilimwona mtu wa zamani anayeogopa maiti. Hilo ndilo kosa langu, na sikulifanya kwa kutojua. Niliambiwa waziwazi, nikacheka.

Nikangoja. Bibi alipokwenda matangani Kaloleni, na matanga ya kwetu hayaishi siku moja, nikamleta fundi. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Mawe yakashushwa, msingi ukachimbwa, saruji ikamwagwa. Bibi aliporudi na kanga yake ya msiba begani, ukuta ulikuwa umepita dirisha. Fundi akamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya maishani. Kisha akaniambia mimi, "Haya. Siku ya kujibu utajibu wewe."

Tukalala pakavu. Kikohozi cha mtoto kikaisha. Nilipiga chokaa ndani, nikaweka pazia, nikawa navimba kichwa. Jirani yangu mmoja kila akipita na ndoo alikuwa akipaza sauti, "Mama Mawe! Sisi wa udongo tunaruhusiwa kukusalimu, ama tuandike barua kwanza?"

"Andikeni!" namjibu. "Kwa Kiingereza!"

Miezi miwili baadaye akaja mjukuu wa mwenye shamba, na wanaume wawili wenye futi ndefu ya kupimia. Kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, adabu tele. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Bibi akanituma kiti, akanituma maji. Wale wawili wakapima huku na huku. Yeye akazunguka nyumba, akasimama mbele ya chumba changu.

"Na hiki? Ni kipya?"

Bibi akatazama chini. Nami ningenyamaza kama yeye, pengine kijana angedhani kilikuwepo tangu enzi za babu yake. Lakini mimi nina mdomo. Nikasema, "Hicho changu. Nimejenga juzijuzi tu. Mawe matupu, na msingi wa saruji."

Nilidhani anakisifu! Nilidhani akiona tumejenga vizuri atatuheshimu.

"Hongera dada," akasema. "Fundi wako anaijua kazi." Akatoa simu akakipiga picha, mbele na ubavuni.

Barua zilipokuja zilikuja kwa nyumba zote za shamba lile. Ardhi imeuzwa, patajengwa maghorofa ya kupangisha. Majirani walipewa hadi mwisho wa mwaka, na kitu cha kuwasaidia kuhama. Barua yetu ilikuwa tofauti. Sisi tulikuwa tumevunja makubaliano kwa kujenga nyumba ya kudumu. Mwezi mmoja, na hatuna haki ya chochote. Nilimsomea bibi. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

Nilimfuata yule kijana hadi barazani kwa mzee wa mtaa. Akaniambia kwa upole uleule, "Dada, mimi sina ubaya nanyi. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

"Ukuta ulitaka kumuua mwanangu."

"Mngenijulisha kabla."

"Ungekubali?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa. "Hapana."

Mzee wa mtaa naye akacheka. Nikatoka bila kuaga, maana ningekaa pale ningempiga mtu kiatu. Mpaka leo sielewi. Ni mali gani hiyo, yako mradi tu ikubali kukuangukia?

Siku ya kuhama majirani walikuja, hata yule wa ndoo, na hakunitania. Tuliikongoa nyumba ya bibi toka asubuhi. Mabati yakashuka, boriti zikang'oka, milango ikatoka na fremu zake. Kufikia alasiri nyumba yote ilikuwa juu ya mikokoteni miwili. Chumba changu kilibaki kimesimama peke yake. Nilimwita fundi, nikamwuliza kama mawe yanatoka. Akayagonga kwa nyundo, akatikisa kichwa. "Yameshikana, dada. Saruji nilikuwekea ya kutosha."

Sasa tumepanga chumba Mjambere. Boriti za bibi zimelazwa nyuma ya choo cha mwenye nyumba, mchwa wanazila, kwa sababu hakuna pa kuzisimamisha. Yeye hukaa mlangoni na mwanangu mapajani. Mimi napika maharagwe na chapati, nauza kwa wanaojenga maghorofa, palepale. Ndiko kwenye watu wenye njaa. Fundi wangu naye kaajiriwa huko.

Wiki iliyopita, akiwa anakula, akaniambia, "Kumbe hujui? Chumba chako hawajakivunja. Wamekitia mabati na kufuli, ndiyo stoo ya saruji. Haliingii hata tone la mvua."

Alikuwa anajisifia kazi yake, maskini, hakukusudia ubaya. Nikaacha sufuria nikaenda kutazama. Mlango ulikuwa wazi. Mifuko ilikuwa imepangwa hadi karibu na bati, juu ya mbao ili isiguse sakafu, pale kilipokuwa kitanda chetu. Chokaa yangu bado iko ukutani. Mlinzi akaniuliza, "Mama chapati, wataka nini humo?" Nikasema sitaki kitu.

Niliporudi nyumbani kulikuwa kumenyesha. Bibi alikuwa amesogeza godoro mbali na ukuta wa upande wa mvua, na mtoto anakohoa. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu tuhame, "Kile chumba chako, wamekivunja?"

"Wamekivunja," nikasema.

"Afadhali," akasema bibi, akaendelea kumsugua mtoto kifua.