Mama Mkwe Alifia Nyuma ya Kiti Changu, Nikiwa na Mistari Minne Begani

Admin, jina langu liweke kapuni, na kijiji cha wakwe zangu usikitaje maana wapo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 57, naishi Bariadi mjini, nina mke, watoto wanne na duka la dawa za pamba. Zamani nilikuwa rubani. Wiki iliyopita mliweka hapa picha ya rubani aliyevaa fulana na ndala, mkauliza nani angepanda ndege yake. Nilisoma majibu yenu yote, jinsi mlivyocheka. Sikucheka wala sikukasirika. Siku hizi mambo mengi yananipita hivyo hivyo.

Miaka ya tisini, Simiyu haijawa mkoa, watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, makampuni yalimiminika huku kwetu kama kumbikumbi. Mawili yalikuwa na vindege vya kuleta mabosi wao. Moja liliniajiri mimi, leseni yangu ikiwa na miezi mitatu. Bosi hakuniuliza nina uzoefu gani. Alinipeleka kwa fundi, nikapimwa suruali nyeusi na shati jeupe, na begani akanibandika mistari minne ya kapteni, wakati hata miwili nilikuwa sijaistahili. Akasema, "Mkulima akikuona wewe, ajue kampuni hii si ya kubabaisha." Na kweli nilipendeza, tusidanganyane. Hata mke nilimpatia ndani ya shati lile. Kwao ni Itilima, na baba yake alinipokea kama mkuu wa wilaya.

Rubani wa kampuni ya pili alikuwa mzee mmoja aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la serikali, mtu wa miaka zaidi ya ishirini angani. Alivaa ndala na shati lililokatika vifungo viwili. Watu walidhani ni mpakia mizigo. Mimi nilimwita Mzee Ndala, naye akicheka tu.

Mwaka mmoja ununuzi ulichelewa mpaka mvua zikatukuta. Asubuhi moja wakwe zangu walimleta mama mkwe uwanjani kwa mkokoteni wa ng'ombe, tumbo limemvimba. Daktari alikuwa amesema apelekwe Mwanza haraka, na barabara ilikuwa imekatika. Ndege zote mbili zilikuwepo, na mabosi wote wawili walikubali kusaidia. Mzee Ndala akatazama mawingu ya upande wa ziwani, akasema, "Tungoje saa moja tu, lile wingu lipite. Nitampeleka mimi."

Lile wingu mimi niliogopa, ila niliona aibu kusema, nikajificha kwenye mila. Kwa Wasukuma mtu na mama mkwe wake ni heshima. Hamkaribiani, hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Nikamwambia baba mkwe, "Baba, mimi ni mkwe. Kindege chenyewe watu wanagusana magoti. Siwezi kumbeba mayu, mama yetu."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka begani. Akamtazama na Mzee Ndala, macho yakaishia miguuni. "Ng'wanone, mwanangu," akasema, "ukivaa hizo wewe si mkwe, wewe ni rubani. Huyu mwenye ndala mimi simjui. Mke wangu ataenda na mtu aliyevaa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba siwezi kuruka kwenye wingu lile. Lakini ukweni wote walikuwa wananitazama. Nikafunga mlango, nikawasha.

Mama alikaa nyuma yangu na shangazi wa mke wangu. Alijifunika kanga uso mzima kwa heshima, na mimi sikugeuka kwa heshima hiyo hiyo. Safari ni ya nusu saa. Niliingia kwenye wingu nikapotea, sikujua ziwa liko wapi wala nchi kavu iko wapi. Nilizunguka karibu masaa mawili. Shangazi hakuwahi kupanda ndege, alifumba macho akisali, hakujua safari inatakiwa kuwa ndefu kiasi gani. Mama hakutoa sauti hata moja. Nilidhani ni heshima.

Tulipotua Mwanza, ndege ya Mzee Ndala ilikuwa imeshafika. Alingoja wingu lipite, akaruka, akatangulia kufika na kututafutia gari la wagonjwa. Akafungua mlango wa nyuma, akainua kanga, akairudisha taratibu. Akaniambia, "Usigeuke, kijana." Hakumweleza mtu yeyote chochote mpaka alipohama.

Msibani nilisifiwa. Baba mkwe alisimama akasema mkwe wake aliweka mila pembeni akampigania mama mkwe, ni Mungu tu hakupenda. Mwaka uliofuata niliacha kurusha ndege, nikasingizia macho. Mke wangu ananiheshimu kwa siku ile kuliko kwa siku ya harusi yetu. Sijawahi kulia. Nimejaribu, machozi hayatoki.

Sasa baba mkwe anakaribia miaka tisini, yuko kitandani, akili zake timamu. Jumapili iliyopita aliniita peke yangu, akanishika mkono. Akasema, "Siku ya kunizika uvae zile nguo. Aliyempeleka mke wangu, ndiye anipeleke na mimi."

Niliitikia, "Sawa, baba."

Nikimweleza ukweli, naogopa atakufa na uchungu ambao hakuwa nao, na mke wangu atajua mama yake alikufa kwa sababu mumewe alishindwa kusema "siwezi" mbele ya watu. Nikinyamaza, nitabeba jeneza la mzee wa watu nikiwa nimevaa uongo, na ukoo mzima utanipa mkono. Mzee amemwambia na mke wangu, naye ameshalitoa shati sandukuni, amelipeleka kwa fundi aongeze kitambaa tumboni, na kesho kutwa natakiwa kwenda kulijaribu. Ndugu zangu, nipeni ushauri. Nimwambie mzee angali anasikia, au nivae?