Siku Mwanarehema Alipomkana Mumewe

Likoni nzima ilikula pilau ya harusi ya Mwanarehema. Likoni nzima ilimwona akikaa eda mumewe alipofariki.

Sasa hebu niambieni, mwanamke huyo huyo anasimamaje mbele za watu aape kwamba hajapata kuolewa?

Basi aliapa, wallahi. Ilikuwa 1963, miezi michache kabla ya uhuru, na mwanawe Rama alikuwa pale pale, macho yamemtoka.

Kisa kilikuwa kazi. Kampuni moja ya bandarini ilitenga nafasi za ukarani kwa Waafrika peke yao, maana miaka yote walikuwa wakibebeshwa magunia tu. Rama alikuwa amesoma vizuri. Ila babake, marehemu Awadhi muuza kahawa, alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramauti.

"Wewe ni Mwarabu," mwajiri akamwambia kwenye baraza la chifu. "Hizi si zako."

Rama akacheka kwa uchungu. Utotoni, shule ya Waarabu ilimkataa kwa sababu mamake ni Mdigo!

Mjomba wake, Boga, akasimama. "Bwana, kwetu Wadigo mtoto ni wa ukoo wa mamake. Huyu ni wetu. Na nafasi hizi ni haki yetu, tumefinywa vya kutosha."

"Sisi twafuata baba," mwajiri akajibu.

Rama akamgeukia mjomba. "Si yasemwa katiba mpya yaja, sote tutakuwa sawa?"

"Huo usawa uko njiani, mwanangu. Leo mwala nini?"

Hapo ndipo Mwanarehema alipoinuka na buibui lake lililochakaa.

"Hana baba huyu. Nilimzaa nje ya ndoa, na mtoto wa nje ni wa mamake. Wallahi, Awadhi hakunioa."

Majirani waliokula ile pilau wakainamisha vichwa, asimsute hata mmoja. Rama akapata kazi.

Nyumbani akamfokea. "Mama, umenifanya mwanaharamu!"

"Nimekufanya karani," akajibu. Kisha akajifungia chumbani, akamlilia Awadhi kana kwamba amekufa jana.

Uhuru ukaja. Haukupita muda Mwanarehema akaugua, na hakuinuka tena. Ombi lake la mwisho lilikuwa moja.

"Nizikeni ubavuni mwa Awadhi."

Makaburi yale yalikuwa ya ukoo wa Awadhi, kwa hiyo Rama akaenda kumwomba ami yake.

"Mamako alisema hakuolewa na ndugu yangu," ami akamwambia. "Hapa twazika wake zetu."

"Ami, alisema kwa ajili yangu! Nitakwenda niseme kweli. Kazi na waichukue!"

"Neno lile angelirudisha mwenyewe. Wewe huwezi kumrudishia." Mzee naye machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakubadili kauli.

Wakamzika Mtongwe, kwa akina Boga, mbali na mumewe.

Matanga yalipokwisha Rama akarudi kazini. Meza ya pili amekaa karani mpya, mtoto wa ami yule yule.

"Hawakukuuliza babako nani?"

"Waniulize ya nini? Katiba imeshasema, raia ni raia."

Rama akatoka nje, akakaa juu ya gunia, akalia mchana kweupe huku makuli wakimtazama.

Mimi sina ugomvi na kumwinua aliyekandamizwa. Ni haki, tena ilichelewa. Lakini nyinyi wenye kugawa nafasi, mkianza kuwauliza watu baba zao, jueni kuna mama anasikiliza, na atatoa chochote alicho nacho. Mwanarehema alitoa kaburi lake.